Ufa Kwenye Shimo la Hoteli

Meneja wa hoteli ile ya Buseresere huukagua mfereji wa maji machafu kila asubuhi kabla hajagusa chai, mikono ya gauni ameikunja hadi kwenye viwiko. Husema kidogo, tena polepole. Kibali cha mazingira kilibakiza siku tatu. Kisipohuishwa, hoteli inafungwa. Siku hiyo alikuja mkaguzi wa mazingira, na alipomaliza supu hotelini alitoa kalamu.

"Mama, jua kali. Nisaini hapahapa."

"Kalamu haina pua, baba. Twende kwenye shimo la maji machafu."

Meneja akainua mfuniko mwenyewe, akamwonyesha ufa ulioelekea upande wa kisima cha majirani.

"Andika kwamba linavuja."

"Nikiandika hivyo, leo kibali hupati."

"Basi andika kwa herufi kubwa," akasema, akamshikia karatasi isipeperushwe na upepo.