Kifaa cha kupima pumzi za mtoto kilivyoniumbua mbele ya mama mkwe

Wakuu, salamu nyingi kutoka Baraka, huku Fizi, upande wa Congo wa ziwa Tanganyika.

Haya ni yangu mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Ningekuwa natunga ningejipa sehemu nzuri zaidi ya hii.

Wapo mtakaokumbuka niliomba ushauri humu kuhusu kifaa cha kufuatilia pumzi za mtoto akiwa amelala. Mkanisaidia, nikapotea bila kuleta mrejesho. Sio kwamba nilibanwa na kazi. Nilikuwa naona haya.

Asukulu ni mtoto wetu wa kwanza na alizaliwa kabla ya muda wake. Daktari alituambia watoto wa namna hiyo wakati mwingine wanasahau kupumua wakilala. Hilo neno kusahau lilinikaa kichwani. Mimi ni fundi wa simu na sola hapa mjini, na fundi ukimpa hofu anaitafutia mashine.

Sasa niwaeleze desturi yetu, la sivyo hamtanielewa.

Mke akijifungua wa kwanza, mama yake anakuja kumlea. Mama mkwe wangu alishuka kutoka Fizi-Centre na mzigo wake wa unga wa mihogo, akaingia chumbani kwa binti yake na mtoto. Mimi nikahamia sebuleni. Na chumba anacholala mama mkwe, mukwe, yaani mume wa binti yake, hakanyagi. Hata kwenye njia nikimwona anakuja napisha pembeni. Akiwa na neno na mimi anasimama nyuma ya rido, lile pazia la mlangoni, na kumpitishia mke wangu, Mama Asukulu.

Kwa hiyo mwanangu alikuwa hatua chache tu kutoka kwangu na siwezi kwenda kumwangalia. Mnaona mashine ilivyonivutia?

Nikaanza kuchagua. Kuna ya soksi inayovalishwa mguuni, lakini mguu wa Asukulu ulikuwa mdogo, soksi ingechomoka. Kuna ya kubana kwenye nepi, na sisi tunafunga vitambaa. Nikaangukia ile bapa inayowekwa chini ya godoro. Inasikia kifua kinavyopanda na kushuka, inatuma kwenye simu. Taa ya kijani, anapumua. Nyekundu na kelele, kimbia.

Mmoja wenu humu aliniuliza: mtoto analala peke yake? Nikajibu ndiyo, ana kitanda chake. Kweli nilikuwa nimemchongeshea kitanda kidogo cha mbao, kizuri sana. Mkuu, kama unasoma hapa, nisamehe. Swali lako lilikuwa zuri kuliko jibu langu.

Kifaa kikaletwa kutoka Bujumbura. Nikampa Mama Asukulu, nikamwelekeza akiweke chini ya godoro la mtoto na akizime kila anapomnyanyua. Akarudi akaniambia ameweka.

Wakuu, nilijivuna. Wateja wanakuja na simu zao zilizopasuka, mimi nawaonyesha taa ya kijani, nawaambia huyo ni mwanangu anapumua kule nyumbani. Mpaka wachimbaji wa dhahabu waliotoka Misisi walikuwa wanasimama kushangaa.

Halafu Asukulu akapata mafua.

Asubuhi moja mama mkwe akaja nyuma ya rido. Sauti yake ilikuwa imechoka, alikuwa amekesha na mtoto mapajani. Akamwambia binti yake, lakini kwa nguvu ili nisikie:

"Mwambie baba yake, mutoto anapumua na tumbo. Mbavu zinaingia ndani. Twende naye ku hospitali."

Nikaangalia simu. Kijani. Usiku kucha kijani. Nikajibu, tena bila kupitia kwa mke wangu, kwamba mashine haizeeki macho, na watu wazima waache kutisha watu.

Nimeandika hiyo sentensi nikaifuta mara kadhaa. Lakini ndivyo nilivyosema, kwa mama aliyemzaa mke wangu.

Nikasikia hatua zake zikirudi kwa mtoto.

Jua lilipokuwa kali, Mama Asukulu akatoka uani na mtoto mikononi. Hakuniomba ruhusa. Akafungua kitenge, akaniambia niangalie. Tundu za pua zinatanuka, ngozi chini ya mbavu inazama kila akivuta hewa, analia bila sauti. Mimi simu mkononi. Taa ya kijani, pumzi nzito, za utulivu kabisa.

Nikamuuliza, "Nani amelala kitandani?"

"Mama. Hakulala usiku."

Kile kitanda changu cha mbao kilikuwa kinawekwa nguo. Wote watatu walikuwa wanalala kwenye godoro moja kubwa, mtoto katikati apate joto, na kifaa kiliwekwa pale anapolala mtoto, kama nilivyoagiza, ila kukizima akinyanyuliwa hakuna aliyekumbuka. Siku zote zile nilikuwa natembea sokoni nikiwaonyesha watu pumzi za mama mkwe wangu. Mtu ambaye hata mkono sithubutu kumpa. Na usiku huo mtoto akihangaika mapajani, simu ilinionyesha mke wangu aliyesinzia.

Tulipanda moto, yaani pikipiki, mbio mpaka hospitali. Nimonia. Wakamwekea oksijeni. Mama mkwe alitufuata kwa mguu.

Muuguzi akauliza hali hiyo imeanza lini. Mama mkwe akajibu, ameinamisha macho: imeanza usiku, tumechelewa. Alisema tumechelewa, hakutaja mtu. Afadhali angenitukana.

Muuguzi alinieleza baadaye kwamba hata kama kifaa kingekuwa chini ya mtoto peke yake, kingejua tu anapumua au hapumui. Kwamba anapumua kwa taabu, hilo linahitaji mtu wa kumfunua na kumwangalia. Mtoto akipumua mbio na mbavu zikizama, usisubiri taa.

Asukulu alipona, Mungu ni mwema. Nilipeleka kwa mama mkwe mbuzi na kitenge, kama desturi inavyotaka kwa mukwe aliyevunja heshima. Alipokea kupitia kwa mke wangu.

Kesho yake nilikuwa sebuleni. Nikasikia anakohoa kama anayetoa taarifa, kisha hatua zake zikienda jikoni kule uani. Akaniita kutoka huko huko, bila kupitia kwa mtu:

"Mukwe, mimi niko inje. Ingia, umuwekee mutoto wako mukono."

Tangu hapo kila siku anatoka, anakohoa, mimi naingia. Naweka kiganja kifuani pa Asukulu, nakaa mpaka niridhike. Yeye huko jikoni anangoja na haniharakishi.

Kifaa kiko dukani ndani ya boksi. Sijapata moyo wa kumuuzia mtu.

Wenye watoto wachanga, nyie mlichagua nini, na nyumbani kwenu nani anamwangalia mtoto kwa macho? Semeni. Na mwenye kutaka kunisema, aniseme, nimekaa.