Nati ya Lorna

Watu wa kambi ya wawindaji, kule kwenye vilima vya kaskazini mwa Pennsylvania, walimsifu Wendell Kuzma kwa risasi zake za kujaza nyumbani, naye akazipokea sifa hizo bila haya, ilhali hakuwahi kujaza hata moja. Mjazaji alikuwa mkewe, Lorna. Yeye ndiye aliyeshuka chini ya nyumba kila vuli, akayabana upya maganda ya risasi zilizokwisha kupigwa ndani ya kalibu za chuma, akatia baruti na vichwa vipya. Wendell alishuka tu kumwambia kahawa iko tayari.

"Gusa chochote," Lorna alizoea kumwambia, "ila hiyo nati usiiguse. Ukiigusa, utajipikia."

Ilikuwa nati iliyozunguka kalibu, inayoamua kalibu ishuke mpaka wapi ndani ya mashine ya kubania. Wendell hakuigusa. Alipenda kula.

Lorna akafa mwezi wa tatu. Vuli ilipofika Wendell akashuka mwenyewe, akauvuta mpini wa mashine kama anang'oa kisiki, ukavunjika. Trudy, binti yao, akamletea mashine mpya, nyekundu. Kalibu za zamani ziliingia humo vizuri, maana nyuzi za kuskrubia ni zilezile. Ila mashine mpya ilikuwa nene zaidi kwa juu, kwa hiyo kalibu iliponing'inia kwa nati yake haikufika chini. Ikabaki nafasi ya unene wa sarafu. Ganda likatoka halijabanwa sawasawa, na bunduki ikalikataa. Bunduki yenyewe ilikuwa ya marehemu baba yake Wendell, ya aina ambayo risasi zake madukani hazionekani tena, na msimu wa kulungu ulikuwa unafunguliwa Jumamosi.

"Baba, si uilegeze tu hiyo nati?"

"Aliiweka mama yako."

"Basi nikununulie kalibu mpya."

"Sitaki."

"Sasa unataka nini?"

"Nataka ibaki pale alipoiacha."

Kwa Wendell, nati ile ndiyo pekee iliyobaki nyumba nzima ikiwa imekazwa kwa mkono wa Lorna na haijaguswa na mwingine. Foronya ya mto wa Lorna ilishafuliwa, na mjinga aliyeifua ni Wendell mwenyewe.

Ijumaa akaja Stosh, jirani na mwenzake wa kambini. Akaitazama mashine huku akitafuna soseji aliyoikuta mezani, akatoa shauri kwamba wachukue msumeno wa chuma, waikate mashine huko juu.

"Mashine mpya hii, Mjomba Stosh! Una akili kweli?" Trudy akafoka.

"Basi kesho aende na fimbo. Eti Wendell, utawasimulia kulungu habari zako mpaka wafe kwa uchovu?"

"Nenda kwako, Stosh."

Stosh akaenda, na soseji.

Wendell akakaa kwenye kigoda cha Lorna, akavaa miwani. Akajiona kambini na bunduki ya kuazima, watu wanampa pole. Pole alishazichoka. Akashika bisibisi, akalegeza kiskrubu cha ubavuni kilichoikaza nati, akaipandisha.

Chini yake kulikuwa na makovu. Kila mahali kiskrubu kilipowahi kuuma, nyuzi zilikuwa zimechubuka: hapa moja, hapo jingine, mengine yamepandana. Lorna alikuwa akiisogeza nati hiyo miaka yote.

"Mwongo mkubwa wewe!" akasema, akacheka, na machozi yakamtoka papo hapo. Hakuyafuta.

"Baba? Kuna nini?"

"Mama yako. Ameisogeza hii mpaka imechoka."

"Si kila anayejaza huisogeza?"

"Mimi sikuambiwa."

Akaishusha kalibu kidogo kidogo, akabana ganda, akalijaribu kwenye bunduki. Likaingia, komeo likafunga. Akakaza kiskrubu. Trudy akanyoosha kidole aone kama kimeshika.

"Wee! Gusa chochote, ila hiyo nati usiiguse."

"Nikiigusa?"

"Utajipikia," akasema Wendell, ambaye tangu mwezi wa tatu alikuwa akilishwa na Trudy.