Mwenzetu Aliyekuwa Akisema Anaogopa

Jumanne asubuhi, kabla sijamaliza chai, nilipigiwa simu nikaambiwa kwamba mwenzetu mmoja wa kikundi cha baiskeli ameanguka kwenye ngazi za nyumbani kwake, mtaa wa Busanza, na hakuinuka tena. Alikuwa fundi cherehani mwenye kibanda mtaa wa Gisimenti, mwanamke wa rika langu aliyekulia Bujumbura. Tulijuana kwa baiskeli na matembezi ya mbugani tu, wala sikuwahi kuingia kwake kabla ya msiba. Hata hivyo naandika haya nikiwa na hofu, na ni vizuri niseme mapema inatoka wapi. Kwa majuma kadhaa sasa, kila nikipanda kilima cha kwenda kwangu, kitu hunibana kifuani, kikapanda begani, kisha kikaachia. Nimekuwa nikijiambia ni umri, bila kumwambia mtu.

Siku ya kwanza kushuka naye barabara ya msitu wa Nyungwe, ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba miti ya kando tuliijua kwa matone yake tu. Barabara ile hupitisha malori marefu yaendayo upande wa Kongo, na ukikosea kona, chini yako ni bonde. Tulipokuwa tukikagua breki, alitangaza kwamba anaogopa, kama alivyotangaza kila safari. "Shangazi, pumua polepole, utatumalizia hewa ya msitu," kijana mmoja akamtania. "Hewa iko mingi," akamjibu huku akifunga kofia yake ngumu. "Akili yako ndiyo iko kidogo." Vijana wakacheka, wakatangulia, wakamezwa na weupe. Sisi wawili tukafuata, yeye mbele, mimi nyuma, naye hakunyamaza hata kidogo. "Kaka, unanisikia? Kona iko hapa, ya kushoto. Maji iko barabarani. Naogopa, kaka. Kona ingine hii, Mungu wangu."

Mimi baiskeli nimejifunza mwenyewe, kwa kusoma na kwa kufungua mashine kipande kwa kipande, na nilidhani maneno yale ni kelele za mtu asiyejiamini. Baada ya kona chache nikagundua kwamba sauti yake ndiyo iliyokuwa ikiniongoza. Nilijua barabara inapinda wapi na yeye yuko mbali kiasi gani. Kisha sauti ikakatika. Nilibana breki zote mbili, nikashusha mguu, nikasikiliza. Nilimwita, asiitike. Nilisukuma baiskeli mbele nikiwaza bonde, hadi nilipomkuta amesimama juu ya matawi mabichi ambayo dereva fulani alikuwa ameyatandika kwenye lami kuonya watu. Mbele yake, karibu ya kugusa kwa mkono, kulikuwa na mgongo wa lori lililoharibika, halina taa. Vidole vyake vilikataa kuachia breki, ikabidi nimsaidie kuvifungua. "Sauti ilikataa kutoka," aliniambia baadaye, akicheka. Kama asingekuwa anaongea tangu juu, nisingejua kwamba amenyamaza, na ningemgonga.

Mtu wa namna hiyo ni adimu katika mji wetu. Hapa ukimuuliza mtu hali yake atakujibu "nta kibazo", hakuna tatizo, hata kama amefukuzwa kazi jana. Ni adabu, na ina uzuri wake, kwa sababu hatutupiani mizigo njiani. Yeye alikuwa akijibu, "Kibazo iko, kaka, keti nikuambie." Ndiyo maana siku yetu ya mwisho hainitoki akilini. Tulikuwa tumetembea Nyungwe hadi kwenye maporomoko ya maji, na katika kupanda kurudi akaketi kwenye mzizi, uso umelowa jasho, mkono wa kulia umeshika wa kushoto. Nikamuuliza kulikoni. "Nta kibazo, kaka. Tangulia." Sikuwahi kusikia maneno hayo kinywani mwake. Nilifurahi, nikadhani hatimaye amezoea milima, nikatangulia.

Kwenye msiba, dada yake alinisogezea kiti, akajishika mkono kama nilivyomwona marehemu akijishika siku ile. "Alikuwa anafanya hivi tangu mvua za mwaka jana. Tukimuuliza anasema ni cherehani." Aliogopa ukungu, malori na kona kwa sauti ya kusikika na kila mtu, lakini hili moja alilifunika. Nadhani naelewa kwa nini. Ukisema unaogopa kona, wenzako wanapunguza mwendo, kisha safari inaendelea. Ukisema unaogopa moyo wako, huenda safari ikaisha, kibanda kikafungwa, na vijana waliokutania wakaanza kukuhurumia. Jumapili za mazoezi, barabara zinapofungwa kwa magari, kuna meza za kupima shinikizo la damu bila malipo. Mara ngapi nimezipita nikiwa juu ya baiskeli, nikiwapungia mkono wapimaji kama mtu mzima wa afya.

Jana jioni nilimwambia mke wangu, kwa sababu sikutaka alisome jambo hili gazetini, ninakopeleka makala haya. Alikuwa akichagua mchele. "Tangu lini?" akauliza. Nikamwambia ni kama mwezi. "Na kilima umekuwa ukipanda na baiskeli?" Nikakubali. Aliweka ungo chini polepole. "Kesho tunapanda teksi, na dereva ataambiwa hospitali. Mengine utaniambia tukifika."

Tumefika. Muuguzi alipomaliza kuitazama karatasi iliyotoka kwenye mashine ya kupima moyo aliondoka chumbani. Alileta kiti cha magurudumu, akaniagiza nisitembee, hata kwenda dirishani, mpaka daktari aje. Mistari hii ya mwisho mke wangu ndiye anayeiandika, nikimtajia. Somo ninaloliona kutoka hapa nilipoketi ni kwamba maumivu ya mwili yasemwe wakati anayeyasikia bado ana nafasi ya kufanya jambo. Mimi nimesema jana, na sijui kama bado kulikuwa na nafasi.