Siku Niliyojiita Kariuki kwa Daktari wa Meno

Heri niwaambie mimi mwenyewe kabla hamjaisikia kwa Salim, kwa sababu Salim akiisimulia hunipa sauti ya mbuzi. Mimi Maina, mtu mzima mwenye ndevu, muuza viatu vya mitumba pale Majengo, nilisimama mbele ya daktari wa meno nikamwambia kwamba kwa ukoo wetu jino likitolewa humea tena. Nilisema hivyo nikiwa na akili zangu timamu, sikuwa nimekunywa kitu, na watu walikuwa wanasikiliza. Sasa ngojeni niwaeleze nilivyofika hapo.

Binti yangu Wangari ana miaka minane. Jino lilianza kumsumbua kama mwezi mmoja kabla, gego la chini upande wa kushoto, na mimi nikamwambia wacha wasiwasi, hilo ni jino la utoto, litang'oka lenyewe (nilisema kwa uhakika sana, ungedhani nimesomea). Tukamwekea karafuu, akasukutua kwa maji ya chumvi, likatulia, likarudi, likatulia tena. Mama yake alikuwa ameenda Endarasha kumsaidia mama yake kuvuna viazi, kwa hivyo nilikuwa mimi na mtoto tu. Basi Jumanne moja asubuhi Wangari akaamka shavu limeanza kufura, akakataa uji, akakaa kwa kiti akiniangalia. Mtoto anayelia unaweza kumbembeleza. Huyu alikuwa ameacha kulia, na hapo ndipo niliogopa.

Ndugu yangu Kariuki ameajiriwa na kampuni fulani huko Karatina, na familia yake iko na bima. Likizo iliyopita walikuja kwetu Ruring'u, na walipoondoka wakasahau kadi ya matibabu ya binti yao juu ya kabati. Na huyo binti pia anaitwa Wangari! Mnajua mambo yetu, msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake, na kwa kuwa mimi na Kariuki ni wa mama mmoja, kila mmoja ana Wangari wake, wamepishana miezi minne tu, na wote wamechukua paji la uso la cucu yao, huyo nyanya mwenye jina. Nikaishika ile kadi nikaona ni Mungu ameniachia. Nikajiambia, mtoto hatadanganya mtu, ataitwa Wangari na ataitika kwa sababu ni Wangari kweli, uongo utakuwa wangu peke yangu, tena uongo mdogo, wa jina moja. (Mfukoni nilikuwa na pesa za kununua mzigo mpya wa viatu, lakini hizo nilishazihesabu kuwa za viatu, na sikutaka kuziwazia kitu kingine.)

Tukaenda kwa ile kliniki iliyoandikwa nyuma ya kadi. Msichana wa mapokezi akaangalia kompyuta yake, akaniuliza, "Jina la mzazi?"

"Kariuki."

"Na namba ya simu bado ni ile ile?"

"Ile ile," nikajibu haraka, hata sijui ni ipi.

Tukaketi kwa benchi. Nikaanza kupumua vizuri. Hapo hapo mlango ukafunguka akaingia Salim, yule anayeuza sambusa karibu na viatu vyangu, kofia kichwani na mkono kwa shavu, na hata kabla hajaketi akaita kwa ile sauti yake ya sokoni, "Maina! Maina wa viatu! Na wewe ni meno?"

Nikaangalia picha ya mswaki iliyokuwa ukutani. Niliisoma hiyo picha kama mtu anayesoma wosia.

Salim akamgeukia Wangari. "Baba yako leo ana nini?"

"Amesema tukiwa hapa nisiongee sana," mtoto akamjibu kwa adabu.

Muuguzi akatoka na karatasi. "Kariuki!" Nikatulia. "Kariuki! Kariuki ni nani?" Nikaangalia mlangoni kama wengine, kuona huyo Kariuki mzembe ni yupi, mpaka Wangari akanivuta mkono wa koti. "Baba, wanaita uncle. Kwani uncle amekuja?"

Benchi lote likageuka. Niliruka kama niliyekalia siafu. "Niko!" nikasema.

"Ai," Salim akasema nyuma yangu, "umebadilisha jina lini, ndugu yangu?"

Daktari alikuwa mama wa makamo, mpole, miwani imening'inia shingoni. Akamlaza Wangari kwa kile kiti, akamulika taa, akaangalia mdomo, akaangalia kompyuta, akaangalia mdomo tena. Kisha akaniangalia mimi.

"Baba, hili jino tulitoa Aprili."

"Lipi?"

"Hili hili, la chini kushoto. Nilitoa mimi mwenyewe."

Hapo ndipo mtu mwenye busara angekiri. Mlango ulikuwa wazi bado, muuguzi amesimama hapo na sinia yake, na mimi nikasikia mdomo wangu ukisema, "Daktari, sisi kwetu meno humea haraka."

Muuguzi akageukia ukuta, mabega yakaanza kutikisika. Kutoka kwa benchi nikasikia Salim, na uchungu wake wote, akisema, "Wallahi hata mimi nataka meno ya huko kwao!" na watu wakaangua kicheko mpaka mzee mmoja akashikwa na kikohozi.

Daktari hakucheka. Akamwambia msichana wa mapokezi apige ile namba iliyo kwa rekodi. Simu ikawekwa spika, na sauti ya ndugu yangu ikajaa kliniki nzima. "Wangari? Wangari ako shule, mama yake amempeleka asubuhi. Kwani ni nani ako hapo?"

Mimi nilikuwa natafuta shimo la kuingia. Ndipo Wangari, pamba mdomoni, akaitika kutoka kwa kiti, "Ni sisi, uncle! Ni mimi na Baba!"

Msichana wa mapokezi akaniambia, hata hakuwa na ukali, "Unajua kwa hii kitu ndugu yako anaweza kufungiwa bima na familia yake yote?"

Sikuwa nimefikiria hilo hata kidogo. Lakini Wangari alisikia neno moja tu, kufungiwa, na ndipo alipoanza kulia, yeye ambaye jino halikuwa limemliza asubuhi nzima. "Baba, uncle atafungwa? Atafungwa kwa sababu yangu?"

Kile kicheko cha watu ningekizoea. Hilo swali ndilo lilinimaliza. Nikavua kofia, nikasema, "Daktari, naitwa Maina. Hii kadi ni ya mtoto wa ndugu yangu. Hakunipatia, nilichukua, yeye hajui chochote. Nisamehe. Lakini huyu mtoto ako na uchungu."

Daktari akaniuliza, "Uliuliza bei?"

"Bei ya nini?"

"Ya kumtibu. Kabla uchukue kadi ya wenyewe, kuna mtu yeyote uliuliza?"

Sikuwa nimeuliza! Mwezi mzima nilikuwa na bei kichwani, bei niliyojitungia mwenyewe, kubwa ya kutisha, na nilikuwa nimeikimbia bila kuiona. Daktari akanieleza polepole, kama mwalimu, kwamba hilo gego huota mtoto akiwa na miaka sita, kwa hivyo wazazi wengi hudhani ni la utoto, na kumbe ni la kudumu, likitoka limetoka. Lilikuwa limeoza ndani lakini bado lingeokolewa: ampe dawa ya kupunguza uvimbe, alisafishe, kisha alizibe, tuje mara tatu, na kila tukija nilipe kidogo. Akanitajia jumla yote. Haikufika hata nusu ya zile pesa za mzigo wa viatu.

Nikalipa ya siku hiyo pale mapokezi, Salim akiniangalia. "Risiti waandike Maina," akasema. "Hilo jina ni zuri, wacha kuliacha nyumbani."

Jioni Kariuki akapiga simu. Nilikuwa nimejitayarisha kwa matusi, na kusema kweli ningeyashukuru. Akauliza kwanza, "Mtoto ako aje?" Nikamwambia amekunywa uji. Kisha akasema, "Yule wangu alitolewa lile jino kwa sababu nilichelewa. Nilidhani ni la utoto. Niliona aibu kukuambia." Nikakaa chini. Ndugu wawili, kila mmoja amekalia aibu yake, na watoto ndio wanaumia meno. Kwa bahati kliniki haikuidai bima yake kitu, mambo yakaishia hapo, na Jumamosi nilimpelekea kadi yake kwa mkono nikamwomba msamaha mbele ya mke wake.

Mkutano wa wazazi shuleni ulipofika nilisimama nikaisimulia yote, hata ile ya meno kumea, na mwalimu mkuu alicheka akalazimika kupangusa macho. Lakini baada ya mkutano akina mama walinizunguka wakiuliza ni wapi, ni pesa ngapi, mtoto apelekwe akiwa na miaka mingapi. Daktari tulipomwomba, alikuja asubuhi moja kuwaangalia watoto wa madarasa ya chini, na wengi matundu ya meno yao yalikuwa bado madogo, ya kuzibwa upesi.

Ile safari ya tatu, alipomaliza, alimpa Wangari kioo kidogo. Mtoto akajiangalia, akapapasa lile gego kwa ulimi, akauliza, "Hili nitakuwa nalo mpaka nizeeke?"

"Ukilichunga," daktari akasema.

Mimi niliapa pale pale, na kiapo changu ni hiki: kitu cha mtoto wangu nitauliza bei kwanza, mapema, kwa mdomo wangu, na nikiulizwa mimi ni nani nitasema Maina.