Kifurushi cha Idman

Ukitaka kompyuta kuukuu ifufuke hapa Garissa, utaelekezwa kwa Diriye Abdimalik. Ni mpole, nadhifu, mpenda sifa. Na sifa zenyewe aliziiba, niseme wazi. Diski ya kusakinisha Linux, mfumo wa kompyuta usiolipiwa, anayozigawia shule zisizo na mtandao, yenye masomo ya Kisomali ndani yake, ilitengenezwa na dada yake Idman. Idman alipofariki mwaka jana, Diriye alifuta jina lake kila mahali, akaweka lake, na kwa kazi hiyo akaajiriwa na mradi mmoja wa elimu.

Jumatano adhuhuri alikuwa akiandaa toleo jipya. Gari la kwenda Lafey lingeondoka saa kumi, na shule moja huko ilikuwa na kompyuta kumi na nne zinazoingoja diski hiyo. Kazi yenyewe ni kama abtirsi, ile orodha ya mababu ambayo kila mtoto wa Kisomali hukaririshwa: Diriye wa Abdimalik, wa Salah, wa Bule. Ukiruka jina, umekwama. Kila kifurushi cha programu hutegemea kingine, na hicho hutegemea kingine tena. Kimoja kikikosekana, diski haikamiliki.

Kilikosekana kimoja. Kioo kiliandika: kamusi inahitaji idman.

Alidhani ni masalia tu ya jina alilolifuta, akaiondoa kamusi. Sasa herufi zikahitaji idman. Akaziondoa herufi, na programu ya sauti ikadai idman. Akapakua kutoka mtandaoni programu ya kuchora, kazi ya watu wa ng'ambo wasiomjua Idman wala Garissa. Nayo ikahitaji idman.

Hapo aliogopa, na alistahili kuogopa. Akafanya hila ya mafundi: akaunda kifurushi kitupu, akakipa jina hilo ili kompyuta inyamaze. Ikanyamaza, diski ikakamilika. Lakini alipokichungulia kile kifurushi kitupu, alikuta faili moja. Ilikuwa abtirsi, ila si ya mababu. Yalikuwa majina saba ya wanawake, wale ambao ukoo hauwahesabu: Saado binti Hawo, Hawo binti Qabale, na kuendelea juu. Saado ni mama yake. Huyo Qabale hakuwahi kumsikia.

Akaibeba kompyuta hadi uani, akamsomea mama yake. Saado aliacha kupepeta mchele.

"Nani kakupa hayo?"

"Nimeyakuta humu, hooyo."

"Jina la Qabale nilimtajia Idman peke yake. Aliniuliza hospitalini asubuhi, na adhuhuri akatutoka. Hakugusa kompyuta tena, wallahi." Akamkazia macho mwanawe. "Ulimfanya nini?"

Diriye alitaka kusema hakuna. Akaiweka kompyuta chini.

"Diski ni yake, hooyo. Yote. Mimi nilimfuta."

Mama hakulia wala hakumlaani. "Gari linaondoka saa ngapi?"

"Saa kumi."

"Basi mrudishe."

Diriye aliketi palepale mchangani, akarudisha jina la dada yake faili baada ya faili, akaliondoa lake. Akaanza kuitengeneza diski upya. Safari hii haikudai chochote.

"Sasa nisomee tena yale majina," Saado alisema. "Mawili ya mwisho hata mimi sikuyajua."

Diriye akatafuta. Akatafuta tena. Kile kifurushi hakikuwapo, na hakuna kilichokihitaji.