Nani Alisema Mtoto Huyu Hatulii?

Mwanangu, wewe uliyeanza ualimu juzi juzi, hebu kaa hapa. Asubuhi hii nimepita shuleni kwenu nikakuta watoto wamepigishwa magoti juani. Nikauliza wamefanya nini. Nikajibiwa, "Hawatulii darasani, bibi." Hawatulii! Neno hilo nikilisikia damu inanichemka, na uzee huu haujanipoza hata kidogo. Maana ipo siku moja naikumbuka, kule mwambao wa Nyasa, neno hilo hilo lilimtoa mtoto wa watu shuleni mbele ya macho yangu.

Nilikuwa binti mbichi kutoka chuoni. Kwetu ni huku huku juu Umatengo, kwenye kahawa na baridi, nikapangiwa shule ya ziwani, mbele kidogo ya Liuli. Lo, lile joto! Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zimefunguliwa, na malori ya wachuuzi kutoka Songea na Mbinga yanateremka mpaka mchangani kununua usipa, wale dagaa wadogo wa ziwa letu. Kila nyumba ikajenga chanja za kuanikia, na kila chanja ikataka mtoto wa kufukuza kunguru. Watoto walikuwa wanashika kazi hiyo alfajiri, halafu ndiyo wanakuja shule.

Basi darasani ikawa hivi: kunguru akilia nje, vichwa vyote vinageuka dirishani. Unafundisha kujumlisha, mara kwaa, hakuna tena anayekuangalia. Walimu wenzangu dawa yao ilikuwa fimbo. "Samaki mkunje angali mbichi," wanasema, na kucheka wanacheka. Mkunje, ndiyo, wahenga walisema mkunje. Nani aliwaambia mumvunje?

Aliyenikera kuliko wote ni Mwalimu Gaudensi, aliyekuwa amewafundisha watoto wangu wa darasa la pili walipokuwa la kwanza. Asubuhi anakaa darasani kama mgonjwa wa malaria, jioni kwenye tuisheni nyumbani kwake anafundisha kama kapandwa na pepo. Asiye na cha kulipia tuisheni, shauri yake. Siku ya kunikabidhi darasa alininyooshea kidole benchi la nyuma.

"Wale achana nao, Mwalimu Theresia. Na yule binti, Esta, ni bure kabisa, hatulii hata dakika. Nimeshamwambia baba yake akae naye kwenye chanja tu."

Alisema hivyo mtoto anasikia. Hata aibu hakuona!

Nikamleta Esta benchi la mbele, na nikaamua fimbo ibaki ofisini. Kama kunguru ndiye anayewachukua watoto wangu, nikasema, basi kunguru huyo huyo atanirudishia. Nikawafundisha mchezo. Nataja majina ya ndege na wanyama mfululizo. Nikisema "kunguru" wote wanapiga kofi moja, nikisema kingine chochote mikono inakwenda kichwani, kimya. Anayekosea anakuja mbele kutaja yeye. Walipouzoea, nikamtoa kunguru nikaweka namba, baadaye nikaweka silabi. Mchezo mwingine, naweka vitu sakafuni: gamba la konokono, punje ya kahawa, kizibo cha soda, kijiti. Wanaangalia, nafunika kwa kanga, nachomoa kimoja, nafunua, halafu waseme kipi hakipo. Esta alikuwa anasema kabla sijamaliza kukunja kanga!

Na uliokuwa unawatuliza kuliko yote ulikuwa wa kufumba macho. Wanafumba, wanasikiliza, kisha mmoja mmoja anasema alichosikia, kwa mpangilio. Tukitoka hapo, mwanangu, ungewasomea hadithi na wakakusikiliza mpaka mwisho. Esta akaanza kuunganisha silabi. Akasoma "mama". Akasoma "kikapu". Ungeuona uso wake siku ile!

Wenzangu wakanuna. Eti nageuza darasa kuwa ngoma. Mwalimu Gaudensi akatangaza kijijini kwamba kwa Mwalimu Theresia watoto wanapiga makofi tu, kusoma hakuna.

Sasa siku ile niliyokutajia, tulikuwa katikati ya mchezo wa kufumba macho. Darasa kimya. Nikamwita Esta aseme alichosikia.

"Nimesikia kunguru," akasema, macho bado kayafumba. "Nimesikia mashine ya kusaga. Halafu nimesikia miguu ya baba. Anakuja kunichukua."

Nikageuka. Baba Esta amesimama mlangoni, suruali imelowa mpaka magotini. Nikamwamkia, "Shikamoo, baba." Akaitikia marahaba, lakini macho hayakuwa kwangu.

"Mwalimu, nilimleta mtoto asome. Nasikia mnapiga makofi. Sasa nimfunge huku bure, na kule usipa unaliwa?"

Nikasema, nikaeleza, nikasihi. Wapi! Esta akainuka mwenyewe bila kulia, akaweka kalamu yake juu ya dawati, akamfuata baba yake. Ile kalamu kuiacha pale, mwanangu, mpaka leo inaniuma.

Nilitoka mbio hadi ofisi ya mwalimu mkuu, mzee wa Kinyasa aliyekuwa anakaribia kustaafu. Nikafoka humo kama sufuria iliyofunikwa. Baba gani yule! Anampenda dagaa kuliko mwanawe! Mtu wa kupelekwa kwenye baraza! Mzee aliniacha mpaka nikaishiwa pumzi. Kisha akaniangalia juu ya miwani.

"Hasira za mkizi, furaha ya mvuvi," akasema. "Wewe unafoka hapa, Gaudensi anacheka kule, na mtoto yuko kwenye chanja. Hiyo hasira ina miguu au haina?"

"Sijakuelewa, mwalimu."

"Kama inayo, itembeze mpaka alipo mtoto. Na darasa lako lichukue, nisije nikasikia umeacha wenzake bila mwalimu."

Nilikasirika na yeye pia, sikufichi. Niliona ananidhihaki. Lakini kesho yake nikawapanga watoto mistari miwili, tukateremka ufukweni.

Tulimkuta Esta na ufito mrefu, anazunguka chanja. Sikumwambia aache kazi. Nikakaa mchangani, watoto wakakaa, tukaanza mchezo wetu wa silabi pale pale. Nikitaja silabi tuliyokubaliana, kofi linalia, na kunguru waliokuwa wanavizia wanaruka! Watoto wakacheka mpaka basi. Kisha nikachukua kijiti, nikaandika neno mchangani, na Esta akalisoma kwa sauti huku anatembea, ufito begani, jicho moja juu. Nikaandika jingine, akalisoma. Baba yake alikuwa ameinamia nyavu zake, anashona, anajifanya haoni. Mkono wake ukasimama.

Nikamfuata. Hasira bado haijaniisha.

"Baba Esta, toka asubuhi kunguru wamekula usipa wako?"

"Hawajala. Huyu akiwepo, hawagusi."

"Basi mtoto anayekaa juani tangu alfajiri bila kupitiwa hata na kunguru mmoja, nani alikwambia huyo hatulii?"

Aliweka sindano ya nyavu chini. Kisha akasema taratibu, wala hakunifokea:

"Si ninyi, mwalimu? Ninyi ndio mlioniambia. Mimi sikusoma. Mwalimu akiniambia mwanangu hana kichwa, nimbishie kwa lipi?"

Mwanangu, nilikosa pa kuweka uso. Nilikuwa nimeteremka na maneno ya kumchoma mzee wa watu, kumbe moto ulikuwa unawaka nyumbani kwetu, ofisini kwetu, kwenye viti vyetu wenyewe. Yeye alituamini, basi. Nilipanda ile njia ya kurudi na darasa langu, na jioni hiyo nilimwambia Mwalimu Gaudensi mbele ya walimu wote maneno ambayo kanisani hayasemwi. Mwalimu mkuu hakunikataza. Alisafisha miwani yake tu.

Siku iliyofuata Esta hakuja. Iliyofuata pia hakuja. Nikasema basi, imekwisha. Asubuhi moja tumefumba macho darasani, na mimi nimefumba nao, nikasikia mtu anakaa benchi la mbele. Sikufumbua. Niliita majina kama kawaida, mmoja baada ya mwingine, kila mtu aseme alichosikia, hadi nikafika kwake.

"Esta, umesikia nini?"

"Nimesikia kunguru," akasema. "Na miguu ya baba. Anarudi ufukweni peke yake."

Nililia, mwanangu. Darasa zima limefumba macho, na mwalimu wao analia.

Sasa nisikilize. Usinijie na habari za watoto wa siku hizi. Watoto ni wale wale. Kabla hujasema mtoto hatulii, kamtafute pale anapotulia. Yupo anayetulia kwenye mchezo wa mdako, mwingine kwenye kuchunga mbuzi, mwingine kwenye kutengeneza gari la waya. Jicho lile lile ndilo la kusomea, hakuna jingine. Lilete darasani kwa mchezo mfupi wenye sheria, uukaze kidogo kidogo kila siku, na uuache kabla hawajauchoka. Mzazi akija amekasirika, msikilize, maana pengine anakurudishia maneno yako mwenyewe. Na ukiwa na hasira, nami napenda mwalimu mwenye hasira, ipeleke alipo mtoto. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na neno la mwalimu hulea kuliko fimbo yake.

Mungu akujalie masikio kama ya Esta. Mikono yako iwe mizito kushika fimbo na miepesi kupiga makofi, na kila mtoto utakayemweka benchi la mbele akukumbuke kwa wema siku utakapokuwa kizee kama mimi.

Haya, nenda. Lakini kwanza kawainue wale watoto, jua limeshakuwa kali.