Chumvi ya Matanga

Baba yangu hakuwa mwizi. Naanza na hilo kwa sababu faili la boma la Tabora linasema alikuwa mwizi, na faili hilo halijawahi kuniomba radhi. Nimezeeka nikilisubiri.

Alikuwa mrina asali. Kijiji chetu kilikuwa mwendo wa asubuhi moja magharibi mwa Tabora, kando ya njia ya zamani ya Ujiji, ile ambayo babu yake aliipita mara nyingi na pembe za watu wengine begani. Baba hakutaka kubeba mzigo wa mtu. Alikuwa na mizinga yake ya magogo huko porini, na kila mzinga aliuchonga alama: mikato mitatu na duara. Asali tulikula na kuuza. Masega Mama aliyachemsha, akayachuja, nta akaimimina chunguni, na kabla haijaganda Baba aliikandamizia kipande cha mti chenye alama ile ile. Ungefumba macho ukalipapasa bonge la nta la Baba, ungelijua.

Mnunuzi mkubwa wa nta siku zile, miaka michache baada ya vita ya pili ya Wazungu, alikuwa kampuni moja yenye ghala karibu na stesheni ya reli. Ilikuwa na mchezo wake, na wote tuliujua. Ukipeleka nta, meneja aliichoma kisu, akainusa, akasema, "Chafu." Hakuinunua, lakini hakukurudishia pia. Uliambiwa uiache sakafuni ichunguzwe, urudi wiki ijayo. Ukirudi, ilikuwa imekwisha kupanda behewa kwenda pwani, uchafu wake umekwisha njiani. Watu walinung'unika wakirudi makwao, kisha wakapeleka tena, maana mnunuzi mwingine hakuwapo na kodi ya kichwa ilikuwapo.

Baba alikuwa na subira na nyuki. Lakini na watu hakuwa nayo. Bonge lake kubwa la mwaka ule liliitwa chafu, akaliacha, akarudi baada ya siku tatu badala ya wiki. Alilikuta limepangwa na mengine tayari kwa treni, mikato mitatu na duara ikimtazama. Akamwambia karani, "Kama ni chafu, nipe uchafu wangu." Karani alikuwa mwenzetu, mtu wa Unyanyembe hapo hapo, akamwomba amsubiri meneja. Baba hakusubiri. Alilipandisha bonge begani akatoka.

Meneja akapiga kelele, "Mwizi!" Askari wa zamu pale stesheni akamfuata mbio, akampiga rungu kisogoni, mara ya kwanza akiwa amesimama na mara ya pili akiwa ameanguka. Waliona wachukuzi, wakaona na wanawake waliokuwa wakiuza mihogo. Tuliletewa Baba juu ya machela, akaishi siku nne. Kichwa kilimvimba na maneno yakawa machache. Yaliyobaki aliyatumia vizuri: "Waambieni nilichukua changu." Mama alilishika neno hilo kama wosia. Hakutaka ng'ombe wala fidia. Alitaka mahali palipotamkwa mwizi patamkwe kwamba hakuwa mwizi, basi.

Siku ya pili ya matanga akaja yule karani wa kampuni. Alileta blanketi, kaniki mpya, na gunia la chumvi ya Uvinza. Hapa lazima nieleze, maana ndipo tulipoangukia. Kwetu kitu cha msiba hakikataliwi. Hata adui yako akija na kiganja cha unga, unapokea kwa mikono miwili, kwa sababu anayepewa si wewe, ni marehemu. Na kikishapokewa hakirudishwi. Kukirudisha ni kumwambia aliyekileta, mbele ya watu, kwamba yeye ndiye aliyeua. Sikuwa nimewahi kuona jambo hilo likifanyika, nililisikia tu.

Mama akapokea. Ndipo karani akatoa karatasi iliyoandikwa Kiingereza, akasema ofisi inataka dole la mama kuonyesha vitu vimefika. Alikuwa akitazama chini. Mama akanigeukia mimi. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na saba, nimesoma miaka minne misheni, na kijiji kizima kilijua hivyo kwa sababu nilihakikisha kinajua. Kiswahili nilikisoma kama maji. Kiingereza nilijua salamu, siku za wiki na sala moja. Lakini ua ulijaa waombolezaji na shangazi zangu wote wananitazama. Nikaishika karatasi, nikapitisha macho mstari kwa mstari, taratibu, nikitikisa kichwa kama mwalimu.

"Inasema umepokea vitu vya msiba," nikasema.

"Umesoma yote?" Mama akauliza.

"Yote, Mama."

Akaweka dole gumba. Chumvi ile tukaila sote, waombolezaji wa vijiji vitatu, siku zote za matanga.

Baraza la mtemi lilitusikiliza vizuri na kutuambia ukweli: halikuwa na uwezo juu ya Mzungu, wala kampuni, wala askari wa Serikali. Twende boma. Tulikwenda boma mara nyingi hadi kesi ikasomwa, na safari hizo Mama alikuwa na kaniki ile ile ya matanga, kwa sababu nyingine hakuwa nayo.

Kwanza iliamuliwa ya askari. Hakimu alisema, na mkalimani akatugeuzia, kwamba askari aliitwa kumzuia mwizi na akamzuia; kwamba nguvu aliyoitumia ililingana na kazi; kwamba wanawake wa mihogo walipishana kuhusu rungu la pili. Walipishana kweli. Mmoja alisema lilipigwa kulia, mwingine kushoto. Kwa ajili ya kulia na kushoto, rungu la pili likawa halikupigwa. Askari akapiga saluti, akarudi kazini siku ile ile, nasi tukampita pale pale stesheni tukienda nyumbani.

Siku hiyo kortini kulikuwa kumejaa watu. Warina asali walitoka hadi upande wa Puge, na wenye maduka wa mjini, hata Waarabu wa zamani wa Tabora ambao hawakuwa na mzinga mmoja, walisimama verandani kusikia. Mzee mmoja akasema kwa sauti, "Tunaambiwa sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Huu wetu una meno upande mmoja." Mwingine akamjibu, "Kesi ya ngedere umempelekea nyani, ulitegemea nini?" Walicheka kidogo, kicheko kibaya, kisha tarishi akawafukuza.

Mwezi uliofuata ikaamuliwa ya kampuni. Wakili wao alisimama kwa muda mfupi tu. Alitoa karatasi, mkalimani akaisoma kwa Kiswahili, nami nikaisikia kwa mara ya kwanza. Ilisema mjane amepokea vitu vilivyotajwa; kwamba ameridhika; kwamba nta ilikuwa mali ya kampuni na marehemu aliichukua bila haki; kwamba hana dai lolote, leo wala kesho. Chini yake dole la Mama, jeusi, kamili. Hakimu akauliza kama dole ni lake. Mama akasema ni lake. Akauliza kama alisomewa. Mama hakunitazama.

"Nilisomewa," akasema.

Kesi ikaisha hapo. Nimefiwa mara nyingi tangu siku hiyo, hata na mtoto, na bado nikiulizwa siku gani niliona aibu ya kutamani ardhi inimeze, nitataja ile. Nilimuuza baba yangu kwa sababu nilitaka shangazi zangu wanione msomi.

Njiani nilimwambia Mama. Nilipiga magoti kwenye mchanga wa ile barabara ya Ujiji, nikasema sikuisoma, sikuweza, nilijifanya. Aliweka sawa mzigo wake kichwani. Kisha akasema, "Inuka, tuna kazi." Hakunipiga wala hakunifariji, na mpaka leo sijui lipi ningelipenda zaidi.

Kazi yenyewe ilikuwa kurudisha. Blanketi lilikuwapo. Kaniki aliivua, akaifua, akaazima nguo kwa dada yake. Ila chumvi tulikuwa tumeila, na kitu cha msiba kikirudishwa hakirudi nusu. Asubuhi Mama akaenda nyumba ya kwanza, akasimama uani, akasema, "Mlikula chumvi ya matanga kwangu. Nairudisha." Mwenye nyumba aliingia ndani akatoka na kiganja cha chumvi. Habari ikatangulia mbele yetu, na kufikia jioni hatukuwa na haja ya kubisha kwa mtu. Watu walikuwa wakija wenyewe. Walikuja waliokula na ambao hawakula. Kilindo cha Baba cha gome, alichotilia asali, kilijaa, tukaomba cha pili. Mtu mmoja wa Bukene, aliyepotezewa nta yake mwaka wa nyuma, alileta chumvi ndani ya leso na hakutaja hata jina lake.

Tulikwenda Tabora kundi zima, kimya, kama watu waendao mazikoni. Mbele ya ghala Mama akatandika blanketi, akaweka kaniki juu, akamimina chumvi. Wachukuzi waliacha mizigo. Karani alitoka, akaona, akashika ukingo wa mlango. Yeye alikuwa wa kwetu, hakuhitaji mkalimani.

"Mama, shikamoo," akasema.

Mama hakuitikia marahaba. Alinigusa bega, nami nikatoa karatasi niliyoiandika usiku uliopita kwa Kiswahili, nikaisoma kwa sauti mbele ya watu wote. Ilisema kampuni imerudishiwa blanketi, kaniki na chumvi ya matanga. Ilisema aliyekufa alichukua nta yake mwenyewe, yenye alama yake, na hakuwa mwizi. Karani akatoa kalamu mfukoni.

"Kalamu unaijua wewe," Mama akasema. "Sisi huweka dole."

Meneja akachungulia dirishani, akauliza kuna nini. Karani akajibu kwa Kiingereza, kisha akatuambia kwa sauti ya chini alichojibu: ni risiti ya chumvi. Meneja akacheka, akarudi kitini kwake. Hakuomba kuisoma. Karani alileta kisanduku cha wino, akaweka dole gumba mwishoni mwa maneno yangu.

Haikubadilisha mengi. Msimu ule watu walikataa kupeleka nta, msimu uliofuata kodi ikawakumbusha, wakapeleka. Askari alipandishwa cheo. Faili liko vile vile, na karatasi yetu haina muhuri wa kuitambulisha kwa hakimu yeyote.

Mama aliitunza kwenye kilindo. Kila mwaka, siku aliyokufa Baba, alinitaka niitoe nimsomee, naye akakaa na mikono magotini akisikiliza hadi mwisho. Niliisoma nikiwa msichana, nikaisoma nikiwa na watoto mgongoni, nikaisoma mara ya mwisho akiwa kitandani haoni tena. Na kila mara, nikishafika penye dole, aliniuliza neno lile lile.

"Umesoma yote?"

"Yote, Mama."

Ndipo alipoitikia, na kuniruhusu niikunje.